Maradhi ya Nani? Uhakiki wa Nadharia ya "Moyo Dhaifu" wa Kijana Mfanyakazi wa China

Kila tabaka linalomiliki nyenzo za uzalishaji mali hulazimika kutoa maelezo juu ya mateso ya wale wanaozalisha. Kabaila alimwambia mtwana wake kwamba dhiki yake imeandikwa na Mungu. Bepari wa Manchester, katika karne ya 19, alimwambia mfanyakazi kwamba ufukara wake umetokana na ulevi na uvivu wake mwenyewe. Bepari wa leo hatukani wala hahubiri. Yeye humwita daktari. Husema kwamba kijana huyu asiyelala, asiyekula, asiyezungumza na mtu, ana moyo dhaifu. Kwamba amelelewa kwa kudekezwa, hakuzoea taabu kama walivyozoea wazazi wake, na kwa hiyo inafaa afundishwe kuvumilia.

Nadharia hiyo ndiyo tunayokusudia kuihakiki katika makala haya, kama ilivyotumiwa juu ya vijana waliotoka vijijini kwenda kufanya kazi katika viwanda vya China. Lakini hatutaishia hapo. Ipo nadharia ya pili, ambayo inatoka upande wetu sisi tunaojiita watetezi wa wavujajasho, nayo ina makosa yake. Hiyo nayo tutaihakiki bila kuionea haya.

Makada wa rika la wazee walimfahamu mfanyakazi wa Kichina alipokuwa akitandika reli ya TAZARA, kati ya mwaka 1970 na 1975. Yule alitumwa na dola yake, akaja katika kikosi chenye uongozi wake. Huyu tunayemzungumzia ni mtu mwingine. Hakuna aliyemtuma.

MJINI KWA MIKONO, KIJIJINI KWA JINA

Mwezi Januari 1958 serikali ya China ilipitisha kanuni ya usajili wa kaya. Kila raia aliandikwa kuwa mkulima au asiye mkulima, na akaandikwa kuwa ni wa mahali fulani. Chakula cha mgao, shule, matibabu, nyumba, vyote vilifuata daftari hilo. Mwaka 1978 yakaanza mageuzi ya uchumi. Mwezi Agosti 1980 Shenzhen, jirani na Hong Kong, ikafanywa eneo maalumu la kiuchumi, na mitaji ya nje ikaingia. Viwanda vikahitaji mikono. Vijiji vilikuwa na mikono mingi kuliko ardhi. Vijana wakahama kwa mamilioni, lakini daftari halikuhama nao. Mpaka mwaka 2003 polisi waliweza kumkamata mjini mtu asiye na karatasi zake na kumrudisha alikotoka. Utaratibu huo ulifutwa mwaka huohuo, baada ya kifo cha Sun Zhigang akiwa kizuizini huko Guangzhou, kifo kilichoamsha hasira nchi nzima.

Hesabu rasmi ya mwaka 2024 inataja wafanyakazi wa namna hii karibu milioni 300, wakiwamo wale wasiokwenda mbali na kwao. Wenyewe huitwa nongmingong. Tafsiri yake ni mkulima-mfanyakazi, na jina lenyewe linatosha kuwa ushahidi. Mtu aweza kufanya kazi kiwandani miaka 20, asijue hata kushika jembe, na bado akaitwa mkulima. Kwa nini? Kwa sababu mwajiri humlipa ujira wa kumtosha yeye peke yake kula na kulala. Gharama ya kumlea mtoto wake, kumuuguza akiugua, na kumtunza akizeeka, huachiwa kijiji. Bibi ndiye anayelea. Kwa makadirio yaliyotokana na sensa ya mwaka 2010, watoto milioni 61 walikuwa wamebaki vijijini bila mzazi mmoja au wote wawili. Bidhaa ziliuzwa rahisi duniani kwa sababu bibi wa Sichuan na Guizhou hakulipwa.

Tena kuna bweni. Mtaalamu wa Hong Kong, Pun Ngai, ameeleza vizuri kuliko wengine jinsi bweni la kiwanda linavyofanya kazi. Kitanda ni mali ya mwajiri, kwa hiyo anayepoteza kazi hupoteza na mahali pa kulala siku hiyohiyo. Zamu zikirefushwa, wafanyakazi wapo tayari, dakika chache tu kutoka kiwandani. Katika viwanda vikubwa chumba kimoja huwekwa watu wa idara mbalimbali na zamu mbalimbali: mmoja anaingia kulala, mwenzake anatoka. Wanaishi pamoja miezi mingi na hawajuani majina. Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni dogo. Watu walioamka pamoja, wakala pamoja na kulalamika pamoja, wana chama hata kama hakijaandikishwa. Watu wanaopishana mlangoni hawana kitu.

TIBA ZA MWAKA 2010

Mwaka 2010 vijana 18 walijaribu kujiua katika viwanda vya kampuni ya Foxconn, wengi wao huko Shenzhen. 14 walikufa. Umri wao ulikuwa kati ya miaka 17 na 25. Foxconn ni kampuni iliyoanzishwa Taiwan mwaka 1974, nayo huunganisha simu na kompyuta kwa ajili ya makampuni makubwa ya Marekani na kwingineko. Kiwanda chake cha Longhua peke yake kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 300,000, yaani mji mzima uliozungushiwa ukuta.

Tuangalie kampuni ilivyotibu. Waliletwa watawa wa Kibuddha kuomba. Walitafutwa washauri wa saikolojia, ikawapo namba ya simu ya kuomba msaada, 78585, ambayo kwa matamshi ya Kichina inakaribia kusema "nisaidie, nisaidie". Waombaji wapya wa kazi walipimwa akili kabla ya kuajiriwa, ili wenye mioyo dhaifu wabaki nje. Wafanyakazi waliletewa hati ya kutia sahihi, kuahidi kwamba hawatajiua, na kwamba likitokea la kutokea jamaa zao hawatadai zaidi ya kiwango cha sheria. Hati hiyo iliondolewa baada ya watu kupiga kelele. Majengo yakafungwa nyavu, na nyavu hizo zikaitwa za upendo. Mwezi Juni ujira wa msingi ukapandishwa kutoka yuan 900 hadi 1,200 kwa mwezi.

Hatusemi kwamba nyavu hazikuokoa maisha. Wavu ukimdaka mtu mmoja, tunaushukuru wavu. Lakini nyavu, watawa, kipimo na hati vina jambo moja la pamoja: vyote vinamchukulia mfanyakazi kuwa ndiye chombo kilichoharibika. Mkanda unaopitisha vifaa mbele yake, unaomtaka arudie tendo moja la sekunde chache kwa saa 10 au 12, haukupimwa akili. Wala nyapara anayemsimamisha mbele ya wenzake na kumfokea hakutakiwa kutia sahihi ahadi yoyote. Watafiti wa vyuo vikuu 20 vya China bara, Hong Kong na Taiwan, waliofanya uchunguzi mwaka huohuo, walipata malalamiko ya wafanyakazi kwamba maneno waliyoyasema kwa siri kwenye simu ya msaada yalifika kwa wasimamizi wao. Mmoja wa walionusurika, binti wa miaka 17, alikuwa amefanya kazi kwa mwezi mmoja na siku chache. Kadi yake ya mshahara ilipotea katika makaratasi kati ya kiwanda kimoja na kingine, akazungushwa ofisi hadi ofisi siku nzima, hana fedha, hana simu, hana anayemjua chumbani. Tunauliza: moyo wenye nguvu katika hali hiyo ungekuwa wa namna gani?

Wapo waliojibu kwa takwimu. Mwezi Juni 2010 Steve Jobs wa kampuni ya Apple alisema kwamba Foxconn si kiwanda cha mateso, na kwamba kiwango cha watu kujiua pale kilikuwa chini ya kile cha Marekani. Hoja hiyo imerudiwa mara nyingi tangu wakati huo, na wasomi wengine wameimeza. Ina kasoro ya wazi. Kiwango cha taifa zima hubeba wazee, wagonjwa wa muda mrefu, watu wa vijijini, wasio na kazi. Kuwalinganisha nao vijana waliopimwa afya, wote wa rika moja, wote wana ajira, ni sawa na kulinganisha vifo vya kambi ya jeshi wakati wa amani na vifo vya nyumba ya wazee, halafu kusema kambi ni salama. Isitoshe, vifo hivi vilifuatana ndani ya miezi michache, mahali pamoja, kwa njia moja.

Hata hivyo takwimu hazina budi kusomwa zote, hata zile zisizotupendeza. Uchunguzi uliochapishwa katika jarida la tiba la Lancet mwaka 2002 ulionyesha kwamba katika miaka ya 1995 hadi 1999 watu 23 kati ya kila 100,000 nchini China walijiua kila mwaka. Kwamba vijijini kiwango kilikuwa mara tatu ya mijini. Na kwamba, kinyume na nchi karibu zote, wanawake waliokufa hivyo walikuwa wengi kuliko wanaume. Njia kubwa ilikuwa dawa ya kuulia wadudu wa mashambani. Miaka 10 na ushee baadaye kiwango cha taifa kilikuwa kimeanguka kwa zaidi ya nusu, na anguko kubwa kabisa lilikuwa kwa wanawake vijana wa vijijini. Wataalamu wanataja sababu kadhaa, na mojawapo ni kuhama. Binti aliyepanda gari kwenda Guangdong aliiacha nyuma ndoa ya kulazimishwa, akamwacha mama mkwe, akaiacha na ile chupa ya sumu iliyokuwa kwenye pembe ya nyumba.

Waandishi wengi wa mrengo wetu hawapendi kulitaja jambo hili. Sisi tunalitaja kwa sababu bila hilo mtu hawezi kuelewa kitu. Kiwanda kilimnyonya binti yule, na kiwanda kilimfungulia mlango. Mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na mfanyakazi mwenyewe anayajua yote mawili. Ndiyo sababu kumwambia arudi kijijini akapumzike si tiba. Barua ya wazi iliyotolewa na wanasosholojia tisa wa China tarehe 18 Mei 2010 ililiona hili vizuri: kizazi cha kwanza kilikipima kiwanda kwa kulinganisha na shamba, kikaona afadhali, kizazi cha pili hakikuwahi kufikiri kurudi shambani, kinakipima kiwanda kwa kulinganisha na mji unaoonekana nje ya dirisha la bweni. Mbele hawawezi kupanga nyumba, kuoa wala kusomesha. Nyuma hakuna njia. Hapo ndipo kazi inapokosa maana, na kazi ikikosa maana, saa 12 haziwezi kuvumilika hata na mtu aliyeumbwa kwa chuma.

Tuongeze neno moja juu ya tafiti nyingine, zile zinazopima akili za wafanyakazi kwa orodha ya maswali. Matokeo yake yanapingana: baadhi zinakuta wahamiaji wana hali mbaya kuliko wenyeji wa mji, nyingine zinakuta wana hali nzuri. Mpingano huu hautushangazi. Wanaoondoka kijijini ni wenye nguvu, na wanaovunjika hurudi kwao kimyakimya. Anayepima kiwandani anawapima waliobaki.

UKELELE NA TAFSIRI ZAKE

Sasa tuje upande wetu. Mwaka 1995 na 1996 huyuhuyu Pun Ngai alifanya kazi katika kiwanda cha vifaa vya elektroniki huko Shenzhen, akilala bwenini na wafanyakazi. Moyo wake ulikuwa umeguswa na moto wa Novemba 1993, ulioteketeza kiwanda cha vinyago huko Shenzhen na kuua wafanyakazi zaidi ya 80, wengi wao wasichana, milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Kitabu chake, Made in China, kilitoka mwaka 2005. Katikati ya kitabu hicho kuna mwanamke mfanyakazi anayepiga ukelele usingizini, usiku baada ya usiku, na bweni zima linaamka. Mchana anaumwa mgongo, anaumwa kichwa, mara nyingine anazirai kazini. Usiku anaota yuko kando ya mto, giza linaingia, mwili haumtii.

Kama uchunguzi, kazi hii ina thamani kubwa. Mwandishi hakukaa ofisini. Alishika vifaa kwa mikono yake. Na alisikia kitu ambacho takwimu haziwezi kukisikia, kwamba mwili wa mfanyakazi husema wakati mdomo umefungwa. Lakini anapofika kwenye tafsiri, tunatofautiana naye. Yeye anauona ukelele ule kama namna ya upinzani, upinzani mdogo wa mwili dhidi ya mtaji, dhidi ya kijiji cha wanaume, dhidi ya dola. Baada ya mwaka 2010 yeye na wenzake wakasogea hatua moja zaidi, wakaandika kwamba kujiua kwa vijana wale kulikuwa aina ya maandamano.

Tunaelewa nia yao. Walitaka kuwatoa marehemu katika mikono ya wanasaikolojia wa kampuni. Lakini hoja hii ina hatari mbili. Kwanza, inamgeuza kijana aliyekufa kuwa bendera. Kijana aliyekata tamaa hakuchagua mbinu ya mapambano. Alikosa mbinu zote. Anayemwita shujaa anawafundisha nini walio hai, wenye umri uleule, katika chumba kilekile? Mwanamapinduzi anayehitaji maiti ili hoja yake isimame ana hoja dhaifu. Pili, ukelele si upinzani. Ukelele ni ukelele. Kinachoamua utakuwa nini ni mwitikio unaoufuata: kama wenzake watajifunika blanketi, au watamtoa kwa sababu anawanyima usingizi, au mmoja atawasha taa na kuuliza, "Dada, una nini?" Kitabu chenyewe kinaonyesha kwamba wenzake walianza kwa kuudhika, baadaye wakamhurumia. Kwa maoni yetu hapo, katika badiliko hilo dogo la mioyo ya wenzake, ndipo palipokuwa na chembe ya siasa. Na mwandishi alipita haraka.

Mwaka 1846 Marx, akiwa kijana, alichapisha makala juu ya watu waliojiua mjini Paris, akitumia maandishi ya Peuchet, mtunza nyaraka wa polisi. Wengi hawajui kwamba makala hayo yapo. Na wanaoyajua hushangaa kuona kwamba wengi wa watu wanaotajwa humo si wafanyakazi wa kiwandani, bali ni wanawake waliobanwa na wazazi, na waume, na aibu ya mtaa. Marx hakuwalazimisha kuwa askari wa tabaka. Alionyesha tu kwamba jamii yote, mpaka chumba cha kulala, imo katika kesi hiyo. Uyakinifu wa namna hiyo ndio tunaouhitaji, unaoweza kumwona binti wa kijiji na chupa ya sumu pamoja na binti wa Shenzhen na kadi ya mshahara, bila kumfuta mmoja ili hoja inyooke.

MEI ILEILE, MKOA ULEULE

Tarehe 17 Mei 2010, wakati magazeti ya dunia yakihesabu vifo vya Shenzhen, wafanyakazi wa kiwanda cha vipuri cha Honda huko Nanhai, katika mji wa Foshan, waligoma. Ni mkoa uleule wa Guangdong. Ni vijana wa rika lilelile, wengi wao wanafunzi wa shule za ufundi waliopelekwa kufanya kazi kwa jina la mafunzo. Kiwanda kilikuwa na watu 1,800 hivi, na kwa kuwa kilitengeneza vipuri vya giaboksi, mgomo wao ulisimamisha viwanda vya Honda vya kuunganisha magari nchini kote. Walidai mshahara, na walidai pia kuchagua upya viongozi wa tawi lao la chama cha wafanyakazi.

Tarehe 31 Mei watu waliovaa kofia za njano, waliotumwa na chama cha wafanyakazi cha eneo hilo, waliingia kiwandani na kuwashambulia wagomaji. Chama cha wafanyakazi kilikwenda kuwapiga wafanyakazi! Hasira ikawa kubwa hata chama hicho kikalazimika kuandika barua ya kuomba radhi. Mwanzoni mwa Juni mgomo ulimalizika kwa nyongeza ya yuan 500 hivi kwa mwezi kwa mfanyakazi wa kawaida.

Hatutaki kusema kwamba mgomo ni dawa ya sonona. Huo ungekuwa upuuzi, na tumekwisha kuusema upuuzi wa aina hiyo kwa wengine. Tunasema hivi: nadharia ya moyo dhaifu haiwezi kueleza kwa nini kizazi kilekile "kilichodekezwa", mwezi uleule, mahali pengine kilisimama wiki mbili bila kuvunjika. Tofauti haikuwa katika mioyo. Kule Nanhai kiwanda kilikuwa kidogo na vijana walikuwa wametoka katika shule zilezile, walijuana. Mtu aliyesema "sitaki" alisikia wa pili akisema "na mimi pia". Makada wa vyama vya wafanyakazi wanaopenda kupeleka mihadhara ya uvumilivu viwandani wangefaa kuisoma habari ya kofia za njano kabla ya kuandaa mhadhara.

WASHAIRI

Fasihi ya wafanyakazi hawa inastahili makala yake yenyewe. Hapa tunaigusa kwa sababu ndiyo daftari la maradhi lililo bora kuliko yote. Zheng Xiaoqiong, aliyezaliwa Sichuan mwaka 1980 na kusomea uuguzi, alikwenda Dongguan mwaka 2001, akafanya kazi katika kiwanda cha vifaa vya chuma. Mwaka 2007 alipopewa tuzo na jarida la Renmin Wenxue, alitumia nafasi hiyo kutaja vidole zaidi ya 40,000 vinavyokatwa na mashine kila mwaka katika delta ya Mto Zhujiang. Mwaka 2012 alitoa kitabu cha mashairi juu ya wanawake wafanyakazi, mwanamke mmoja mmoja, na maisha yake. Nguvu yake ni kwamba anakataa kusema "wafanyakazi" kwa jumla. Sisi wa majarida ya nadharia tumezoea mno neno hilo la jumla.

Xu Lizhi alizaliwa Guangdong mwaka 1990, akaingia Foxconn mwaka 2011, miezi michache baada ya nyavu kufungwa. Aliandika mashairi ya kiwandani yaliyo makavu, bila machozi. Aliomba kazi katika maktaba ya kiwanda, akakosa. Aliomba katika duka la vitabu mjini, akakosa. Aliondoka, akahangaika, akarudi, mwishoni mwa Septemba 2014 akatia sahihi mkataba mpya na kampuni ileile, na tarehe 30 mwezi huo akajiua. Umri wake ulikuwa miaka 24. Rafiki zake walichangisha fedha, mashairi yake yakachapwa mwaka 2015, na filamu ikatengenezwa. Wahakiki wengi, wa Ulaya hasa, wanayasoma mashairi yale kana kwamba ni barua ndefu ya kuaga, kila mstari ukielekea kwenye tarehe ile. Usomaji huo ni mwepisi na si wa haki. Mtu anayeomba kazi ya kupanga vitabu rafuni anataka kuishi; anajua hata ni kazi gani ingemwezesha kuishi. Mara mbili aliandika dawa yake mwenyewe kwenye karatasi ya maombi, na hakupatiwa.

Tangu wakati huo mambo yamebadilika sura. Wastani wa umri wa wafanyakazi hawa wahamiaji umezidi miaka 43, maana vijana wanakikimbia kiwanda. Wengine wamekuwa wasafirishaji wa chakula kwa pikipiki, ambako nyapara hana uso: ni programu ya simu inayohesabu dakika, na ambayo, kama jarida la Renwu lilivyoonyesha mwezi Septemba 2020, ilikuwa ikipunguza muda wa safari mwaka hadi mwaka mpaka dereva akalazimika kuvunja sheria za barabara ili asikatwe fedha. Bweni limekwisha, na upweke umeongezeka. Wengine, hasa kuanzia mwaka 2021, walizungumza juu ya "kulala chali", yaani kufanya kazi kidogo, kula kidogo, kutotaka kitu. Wakubwa waliwalaumu kwa uvivu. Ni lawama ileile ya Manchester. Lakini wala tusishangilie kulala chali kana kwamba ni mgomo. Anayelala chali peke yake chumbani hana tofauti kubwa na yule aliyejifunika blanketi.

Na daktari je? Hapa baadhi ya ndugu zetu hukosea kwa kudhani kwamba kwa kuwa ugonjwa umetoka katika mahusiano ya uzalishaji mali, basi mgonjwa asubiri mahusiano yabadilike. Frantz Fanon aliiacha hospitali ya Blida huko Algeria mwaka 1956 kwa sababu aliona haiwezekani kutibu akili za watu chini ya ukoloni. Lakini alipofika Tunis, akiwa ndani ya mapambano, aliendelea kutibu wagonjwa. Sonona ina dawa na ina wataalamu, na mtoto wa mkulima ana haki navyo kama mtoto wa meneja. China ilitunga sheria ya afya ya akili, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2013. Sheria ni nzuri. Lakini bima ya mhamiaji kwa muda mrefu imefungwa kwenye wilaya aliyoandikishwa, mbali na mji anakougulia. Kliniki hufunguliwa saa ambazo yeye yuko kazini. Na siku moja ya kukosa kazi hukatwa na posho ya mahudhurio ya mwezi mzima. Mshauri wa kiwandani hulipwa na mwajiri na huripoti kwa mwajiri. Daktari awe wa umma, mwenye kutunza siri, afikike jioni baada ya zamu, na matibabu yalipiwe mahali mtu anapofanyia kazi, hata kama daftari la kaya linamtaja kwingine. Namba ya simu ya msaada, kama ipo, isilie katika ofisi ya utumishi.